Gari la Jotham Halikupigwa Mawe

Gari la marehemu Jotham halikupigwa mawe. Lilipigwa na mawe, na asiyeona tofauti ya maneno hayo hajui Kiswahili, au anakijua na ana lake jambo.

Kosa lilianza kwa Marion, bintiye. Marion alizaliwa London. Kiswahili anakielewa chote, ila kukisema ni kama kutembea na viatu vya mtu mwingine. Siku hiyo alitaka kumfurahisha mama yake, akatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la akina mama wa kanisani, pale Barking, mashariki mwa London: "Shikamooni. Gari la baba limepigwa mawe mengi. Nani anajua fundi wa vioo?"

Aliacha "na" moja tu. Kufikia jioni, ile "na" ilikuwa imezaa: marehemu alikuwa na nyumba ndogo huko kaskazini, na mume wa huyo mwanamke ndiye aliyelivurumishia gari mawe. Kwani baba wa watoto watatu alinunua gari la spoti la viti viwili ambebe nani? Na kila Jumamosi alishika M1, barabara kuu ya kaskazini, peke yake kwenda wapi?

Gaudensia, mjane wake, alifundisha sarufi Bukoba miaka kumi na miwili kabla ya kuja Uingereza. Hakulia, wala hakumpigia mtu simu. Jumapili ya pili kutoka siku hiyo ingekuwa misa ya kumbukumbu ya mwaka mmoja, na hakuwa tayari jina la mumewe lisomwe altareni huku watu wakikonyezana.

Marion aliomba radhi kwa Kiingereza, akasema ataufuta ujumbe.

"Ufute? Watasema tumeficha," alisema Gaudensia. "Mwite fundi. Aje kanisani Jumapili, misa ikiisha."

Fundi alikuwa Kuldip, mzaliwa wa Nairobi, mwenye kilemba cha buluu na gari la kazi lililojaa vioo. Alimkuta Gaudensia uwanjani amesimama kando ya lile gari jekundu, gauni limepigwa pasi, na akina mama wamejipanga kama waliokuja kutazama mnada. Kuldip aliinama, akapitisha ukucha juu ya kioo cha mbele.

"Mama, hii si mkono ya mtu."

Gaudensia alimeza hamu ya kumsahihisha. "Sema kwa sauti, Bwana Kuldip. Wengine wako nyuma."

"Gari hii iko chini, na kioo yake imelala. Ukifuata lori, kokoto yote inakuja kwako." Alichuchumaa, akaonyesha rangi iliyodonolewa chini ya taa. "Ona huku pia. Nani alirusha mawe chini hivi? Sungura?"

Vicheko vikapasuka. Kuldip alitoa kifaa chake, akakibana juu ya kidonda cha kwanza, kidogo kama punje ya dengu, akavuta hewa, akasukuma gundi ya maji ndani, kisha akaikausha kwa taa. Alama ikafifia mpaka ikabidi kuitafuta. Akafanya hivyo kwa ya pili.

"Hizo mbili zimepona. Lakini sasa naona hizi za mchanga ni maelfu, hazizibiki. Kioo nzima inatoka."

"Zipi? Mimi sizioni," alisema Priscilla, ambaye habari za kanisa lile hulala kwake kabla ya kwenda kwingine.

"Ingia, dada," alisema Gaudensia, akamfungulia mlango. "Elekea kwenye jua."

Priscilla alijikunja mpaka akaenea kitini. Vitobo vile, visivyoonekana kwa pembeni, vyote viliwaka kwa pamoja mbele ya macho yake, kama chumvi iliyomwagwa.

"Yesu! Hata mlango wa kanisa siuoni!"

"Pole," alisema Gaudensia. "Kumbe ndiyo maana uliona mawe."

Safari hii hata wakimya walicheka. Priscilla alitoka akijishika mgongo, akicheka naye, ila hakuwa mtu wa kuondoka mikono mitupu.

"Haya, Mama Marion. Mawe ni ya barabarani, nimekubali. Sasa barabara yenyewe ilikuwa inampeleka wapi?"

Gaudensia alijua. Mbele ya mji wa Luton, kando ya M1 hiyo hiyo, kulikuwa na mgonjwa, mtu wa ukoo wao, aliyeomba ugonjwa wake usitajwe. Jotham alimwogesha na kumnyoa miaka minne, akimpelekea chakula alichofungasha Gaudensia mwenyewe. Tangu msiba, Jumamosi hizo yeye ndiye anayeshika usukani. Sentensi moja ingewafunga wote midomo. Lakini kumsafisha marehemu kwa kumvua nguo aliye hai si usafi.

Alimwambia Kuldip aje nyumbani Jumatatu na kioo kipya. Ndipo akageuka.

"Dada Priscilla, ya kioo nimeyajibu kwa sababu kioo kiko hapa, mmekiona. Mume wangu hakuwahi kutoka nyumbani kwangu bila mimi kujua aendako. Jumapili ijayo mtamwombea, mkipenda."

"Lakini Mama Marion, sisi ni ndugu zako, ukituambia tu kidogo…"

"Sisemi zaidi."