Kibuyu Nilichompa Nuria

Kuna mlio ambao mkebe wa maziwa hutoa ukitua juu ya mizani ya chuma. Huku Ziwa, mji mdogo nje ya Eldoret ninakopokea maziwa ya wakulima, nausikia asubuhi nzima, na wenzangu hawajui kwa nini siku nyingine naangalia kando. Ninyi nitawaambia, kwa sababu hamtanitazama usoni nikisema.

Nilikulia Langas, Eldoret, mji ambao mtoto akivaa raba watu humuuliza anakimbia mbio gani. Mimi sikuwa wa mbio, nilikuwa wa mateke. Mwalimu Shikuku, askari mstaafu mwenye goti bovu, alitufundisha taekwondo katika ukumbi wa kanisa kila Jumamosi, kwaya ikishamaliza mazoezi na kutuachia viti tuvipange ukutani. Mama yangu, muuguzi aliyetoka upande wa Kisumu kuja kutafuta kazi, hakuupenda mchezo huo. "Akinyi, nani ataoa msichana wa kurusha miguu?" alikuwa akiniuliza, huku akizifua nguo zangu za mazoezi kwa sabuni ya kipande mpaka zikang'aa kushinda za wenzangu wote.

Nilianza nikiwa na miaka minane. Nilipofika kumi na miwili, hapakuwa na msichana wa uzito wangu aliyeweza kunigusa kichwa. Kisha akaja Nuria.

Alikuwa Mhispania wa rika langu, mwembamba, nywele amezifunga kwa mpira wa kufungia sukuma wiki. Mama yake, daktari wa macho, alikuwa amekuja kufanya kazi kwa miaka miwili. Siku ya kwanza Nuria alivua viatu mlangoni, akainama mbele ya Mwalimu, akasema, "Shikamoo. Mimi nimekuja kupiga nyinyi." Tulicheka mpaka tukashika ukuta. Hata hiyo shikamoo ilikuwa ya kitabu, sisi hatukuwa tukisalimiana hivyo. Alitaka kusema amekuja kufanya mazoezi nasi. Lakini dakika kumi baadaye alikuwa amenipata kichwani mara mbili, na hakuna aliyecheka tena.

Tulipendana, msidhani vinginevyo. Alinionyesha jinsi ya kuzungusha nyonga kabla mguu haujaondoka chini. Mimi nilimfundisha Kiswahili, na kula ugali kwa mkono bila kujichoma. Akija kwetu alimwita mama yangu Mama, na alikuwa akiosha vikombe bila kuambiwa. "Huyo mtoto amefunzwa," Mama akasema siku moja. Nilisikia kama ameniambia mimi sikufunzwa.

Ndipo Mwalimu akatangaza kwamba kuna mashindano ya watoto Nairobi, na kila uzito utapeleka msichana mmoja tu. Mimi na Nuria tulikuwa wa uzito mmoja, usiozidi kilo thelathini na saba. Tungepimwa Jumamosi, halafu tupigane. Anayezidi uzito angeachwa, na mwenzake angeenda bila pigano. Kila mtu alijua nani angeshinda tukipigana. Mimi nilijua kuliko wote.

Wiki hiyohiyo, darasani, tulifundishwa kwamba lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja, na maziwa yanazidi hapo kidogo tu. Wenzangu waliandika wakasahau.

Ijumaa jioni nikaenda kwa jirani yetu, Mama Chebet. Kwao walikuwa wakigandisha mursik, yale maziwa ya kibuyu yenye ukali na harufu ya mkaa. Kwetu hatukuwa nayo, sisi tulizoea samaki.

"Mama ameomba mursik kidogo," nikadanganya. "Tuna mgeni."

"Mgeni wenu ni wangu," akasema Mama Chebet. Akanijazia kibuyu mpaka shingoni.

Asubuhi nikamvuta Nuria nyuma ya ukumbi, karibu na tangi la maji. Alikuwa amejipima kwao, akajikuta amebakisha karibu nusu kilo tu kufikia mwisho. Nilimpa kibuyu kwa mikono miwili.

"Ni desturi ya hapa," nikamwambia. "Mgeni akienda kushindana, rafiki yake anampa hii. Anamaliza yote."

Alinusa, machozi yakamlengalenga. "Baada ya mizani, sawa?"

"Hapana. Ni kabla. Ukikataa ni kama umekataa nyumba yetu."

Alinitazama kidogo. Kisha akanywa, akisimama kupumua na kukunja uso, akaanza tena, mpaka kikaisha. Akajipangusa mdomo, akanikumbatia. "Asante, Akinyi. Sasa mimi ni mtu wa hapa."

Mizani ilikuwa ya duka la mahindi, tumeiazima. Mwalimu alikunja goti lake bovu kusoma namba. Akasoma mara ya pili.

"Nuria, umekula nini wewe?"

Alinitupia jicho, na halikuwa jicho la kulaumu. Lilikuwa la mtu anayenifichia jambo ili nisiaibike.

"Nilikula mingi jana, Mwalimu. Ni makosa yangu."

Akapewa saa moja apunguze. Alivaa sweta mbili, moja yangu, akazunguka kanisa juani akikimbia na kutema mate kwenye nyasi. Wenzetu walisimama wakimpigia makofi. Nami nilipiga. Katika yote niliyofanya siku ile, makofi hayo ndiyo yanayoniamsha.

Aliporudi kwenye mizani, bado alikuwa amezidi. "Pole, mtoto," Mwalimu akasema. "Akinyi ataenda."

Nuria akaketi chini, akafungua vikinga vyake vya miguu, akanipa, kwa sababu vyangu vilikuwa vimechanika, vimefungwa kwa kamba. Nilivivaa Nairobi. Nilipigwa katika pigano la kwanza, hata jasho halijanitoka vizuri. Niliporudi alitaka nimsimulie kila kitu, nikasema naumwa kichwa.

Mwisho wa mwaka walirudi kwao. Nimemfuatilia kwenye simu miaka hii yote: timu ya vijana, medali, goti lililopasuliwa, kurudi tena ulingoni. Mimi niliacha mateke kabla ya kufika sekondari.

Mwaka jana nikaona video yake akiongea na watoto wa klabu yao, maneno yametafsiriwa chini. Aliwaambia kwamba aliwahi kukosa mashindano huko Kenya kwa sababu rafiki alimkaribisha kwa maziwa, kwa desturi ya kwao, naye akayanywa yote. Akasema hajawahi kujuta, kwamba hakuna mahali amewahi kupokewa vile.

Nilimwandikia siku hiyo. Nikamwambia desturi hiyo haipo, na kwamba hesabu ya lita na kilo niliifanya kwenye daftari. Niliona aibu, lakini nilipotuma nikajihisi mwepesi, kama mtu aliyerudisha kitu cha wenyewe.

Akajibu siku ya nne. "Asante kwa kuniambia ukweli, Akinyi. Lakini hiyo hadithi nilikuwa naipenda sana."

Nilikuwa nimejiambia miaka yote kwamba nilimwibia safari ya Nairobi. Safari hiyo alikuwa ameshaisahau. Alichobaki nacho ni kwamba siku moja, nyuma ya ukumbi wa kanisa, alikaribishwa. Hicho, yule mtoto niliyekuwa, wa miaka kumi na miwili, hakukigusa. Nilikuja kumnyang'anya mimi, mtu mzima, ili nipate usingizi.