Udongo wa Memsahibu

Mama alipotea asubuhi moja ya kiangazi, na aliyemwona kwanza alikuwa mwendesha boda boda wa mtaani kwetu. Alimkuta kule mtaa wa Mamboleo, kwenye njia panda, ana kiatu mguu mmoja, akiwauliza wauza ndizi soko liko wapi. Soko la Kibuye alikuwa ameshalipita. Jirani yetu akanipigia simu Nairobi, ambako nilikuwa mpishi katika hoteli, nami nikaomba ruhusa ya siku chache nikapanda basi la Kisumu. Nilibeba nguo kidogo na kisu changu cha kazi, maana mpishi haachi kisu chake nyuma.

Kaka zangu wawili walifika siku iliyofuata. Walikaa sebuleni, katika nyumba ile ile ya Kaloleni tuliyokulia, wakamzungumzia Mama kana kwamba hayupo, naye ameketi mbele yao. Mkubwa akasema ana watoto shuleni. Wa pili akasema mke wake hana afya. Kisha wote wakanitazama. Sikuwa na mume wala mtoto. Nilikuwa kitinda mimba, na kwao nilikuwa bado msichana ingawa miaka arobaini nilikuwa nimeipita. Kabla ya kuondoka walitia kufuli jipya kwenye mlango wa chuma, wakanikabidhi ufunguo. Niliufunga kwa kamba nikauvaa shingoni.

Siku chache zikawa wiki, wiki zikawa miezi. Hoteli ilinipigia mara ya kwanza kuniuliza narudi lini, mara ya pili kuniambia wamepata mtu mwingine. Kila asubuhi, baada ya uji, Mama alijifunga leso vizuri, akaenda mlangoni akasukuma. Mlango ukigoma, aliusukuma tena kwa bega. Nikimshika mkono aliuondoa kwa adabu, kama mtu aliyeguswa na mgeni. Mwishoni aliketi chini hapo hapo, uso kwenye vyuma, mpaka jua lihame. Mimi nilikaa nyuma yake. Tulitazama nje pamoja, boda boda zikipita, watoto wakirudi shule, na jioni harufu ya omena, dagaa wa ziwani, wa kukaangwa ikatuingilia kutoka kwa majirani. Sikuweza hata kwenda dukani bila kumtafutia mtu wa kukaa naye. Nilianza kuichukia sauti ya sufuria.

Kilichonichosha zaidi ni kwamba hakula. Nilimpikia kila nilichokijua. Nilimpikia kuku wa nazi kama wa hotelini, akaisukuma sahani. Nilimpikia ugali mweupe na sukuma wiki, akauminya ugali kwa vidole, akaurudisha.

"Hii ni chaki," akasema kwa Kijaluo, ambayo ndiyo lugha tuliyozungumza naye maisha yetu yote.

Jirani yetu, mama wa kutoka Vihiga anayeuza maandazi na mboga za kienyeji, alikuwa ameketi pale akichambua mrenda wake.

"Dada," akaniambia, "huyu hajakataa kula. Amekataa hicho. Wewe mtafutie unga wa mtama."

Aliniletea yeye mwenyewe. Niliusonga, mwekundu na mzito, wenye harufu ya vumbi baada ya mvua, nikauweka na osuga, mboga yetu chungu, iliyolala katika maziwa. Mama alikula akamaliza, akalamba kidole. Nilisimama jikoni nikalia kidogo, kwa uchovu zaidi kuliko furaha.

Hotelini tulikuwa tukiwapa watalii ugali mweupe na samaki wa kukaanga, na kwenye ubao tuliandika kwamba ni chakula cha mababu zetu. Watalii walipiga picha. Bibi yangu mzaa mama asingekijua. Kwake ugali ulikuwa wa mtama na wimbi. Mahindi yalikuja na watu wa ng'ambo, yakakaribishwa kwa shaka. Hata mbuta, yule samaki mkubwa tunayejivunia, aliwekwa ziwani na wageni, na Mama alitusimulia jinsi wanawake wa pwani ya ziwa walivyobana pua kwa mafuta yake. Chai, sukari, chapati, vyote viliingia kwa mlango wa mtu fulani. Mambo haya niliyajua kama mpishi anavyoyajua, kwa kuyasema mezani. Sikuwa nimefikiria mlango wenyewe ulikuwa wapi, na nani alisimama nyuma yake.

Mtama ulitusaidia kwa muda, kisha akaukataa nao.

Halafu nikanunua ngege, samaki wetu wa zamani, mbichi kabisa. Nilimpika kwa nyanya na vitunguu, maji kidogo. Nilipouweka ule mchuzi mbele yake, Mama aliruka kutoka kitini. Alichukua sufuria akaipeleka kwenye beseni, akaisugua kwa majivu ya jiko na limau, akajisugua mikono, akanivuta na yangu akaisugua mpaka ikauma. Kisha akanitazama usoni na kusema, kwa Kiswahili:

"Memsahibu, samaki hapana. Mama mkubwa rudi sasa hivi."

Nilihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Mama hakuwahi kunisemesha Kiswahili. Na Kiswahili chake cha sokoni kilikuwa kizuri. Hiki kilikuwa kingine, kilichokatwakatwa, Kiswahili cha jikoni ambacho watumishi wa zamani walizungumza na waajiri wao. Memsahibu ndiye mwanamke wa nyumba. Tuliujua ule wakati wa maisha yake, lakini kwa vichekesho tu: kwamba kabla ya kuolewa alikuwa yaya, mtumishi wa ndani, katika nyumba ya Wahindi, juu ya duka la vitambaa, na huko ndiko alikojifunza chapati laini ambazo mtaa mzima ulizisifu. Hakutuambia zaidi, nasi hatukuuliza.

Kesho yake akajifunga leso, akasimama mlangoni. Safari hii hakusukuma. Alinigeukia.

"Memsahibu, kazi kwisha. Fungua mlango, mimi enda soko."

Sijui kwa nini nilimjibu kwa Kiswahili. Labda kwa sababu tangu nirudi hakuwa amenitazama hivyo, kama mtu anayemjua.

"Soko kufanya nini?"

Akatupa jicho kuelekea chumba cha kulala, akapunguza sauti. "Mama mkubwa nasikia."

"Ametoka," nikasema.

"Enda hekaluni?"

"Ndiyo."

"Basi fungua upesi. Mimi leta ile udongo. Wewe sema mtoto tumboni nataka."

Mengine yalikuja siku nyingine, kipande kipande, nami nikiuliza kama memsahibu aliyesahau. Nyumba ile haikula nyama, samaki wala yai. Kwa msichana wa ziwani hiyo ilikuwa njaa ya ajabu, kushiba dengu na wali kila siku na bado kutamani harufu ya kwao. Lakini kwao nako, desturi ya siku zile ilimkataza mwanamke kuku na mayai, kwa hiyo alikuwa ametoka jiko moja lenye makatazo akaingia jingine. Mwenye amri, yule mama mkubwa, alikuwa mama mkwe wa memsahibu, aliyetembea na shada la funguo kiunoni: ufunguo wa samli, ufunguo wa sukari, ufunguo wa mlango wa ngazi. Memsahibu mwenyewe alikuwa binti tu, karibu rika la Mama. Aliletwa kwa meli kutoka India kuolewa na mtu asiyemjua, na tangu afike alikuwa ameliona ziwa kupitia dirisha tu. Akapata mimba. Akaanza kulia huku akikata maembe ya achari. Siku moja akamwonyesha yaya kwa vidole na maneno machache alichokitaka: udongo. Kwao, alisema, wenye mimba hupewa udongo uliochomwa, unaonuka moshi na mvua.

Mama alielewa kabla hajamaliza. Huku kwetu tunauita odowa, mawe laini ya udongo, na kila mjamzito anajua mahali pa kuyanunua. Madaktari hugomba, wanawake hula. Basi kila alipotumwa sokoni, yaya alirudi na vipande vichache kwenye pindo la leso, na wasichana wawili wakajificha nyuma ya mapipa ya mchele wakitafuna udongo wa ziwa.

"Mzuri kama wa kwenu?" nilimuuliza Mama siku aliponieleza hilo, kisha nikakumbuka kwamba swali lilikuwa la yaya, si la memsahibu.

Alicheka. "Wewe nasema ya kwenu iko moshi zaidi."

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa. Nilikuwa nimemfungia mtu aliyetumwa. Hata Mamboleo alifika kwa kulipita soko. Jumapili, siku Kibuye inapofurika, nilifungua mlango. Jirani yangu alitusindikiza mpaka kwenye tuktuk.

"Akikuponyoka je?" aliniuliza.

"Tutakuwa tumetoka," nikamjibu.

Hakuniponyoka. Mimi ndiye niliyemfuata. Alipita kati ya marundo ya mitumba na mafungu ya nyanya kama maji yanayojua mfereji, mkono wake umeshika wangu, akauliza kwa Kijaluo, akasonga, akauliza tena. Kwa mama mmoja mwenye gunia la odowa alichuchumaa. Alivigonga vipande kimoja kimoja kwa ukucha akisikiliza, akavinusa, akavikataa vyeupe, akachukua vya rangi ya majivu. Muuzaji alimtazama tumboni, akanitazama mimi, akatabasamu.

"Mama, ni kwa binti yako?"

"Si binti yangu," akasema Mama. "Ni mtu wa watu, amefungiwa."

Nyumbani alisubiri mpaka nikaingia jikoni. Alifungua pindo la leso, akaniwekea kipande kiganjani.

"Kula sasa. Mama mkubwa bado rudi."

Nilikula. Kilishika ulimi kwanza, kikavuta mate yote, kisha kikayeyuka kikawa kama mto wakati wa mafuriko. Nilikuwa nimeonja vyakula vya nchi nyingi, lakini sikuwahi kuonja kitu kinachotazamwa namna ile. Mama alikuwa anauchunguza mdomo wangu ukitafuna. Nilipomeza, uso wake ukabadilika.

"Ile siku mama mkubwa aliona," akasema. "Aliona udongo ndani ya sari yako. Fungia mimi stoo mpaka jioni. Halafu fukuza. Mimi piga mlango chini, wewe hapana jibu." Alinishika mkono. "Mtoto alizaliwa?"

Hakuna aliyenifundisha la kusema. Kama angeniuliza kwa Kijaluo pengine ningemwambia mimi ni mwanawe, na kwamba hao watu waliondoka mjini kabla sijazaliwa, na hakuna anayejua.

"Alizaliwa," nikasema. "Salama."

"Iko wapi?"

"Amelala."

Aliitikia kwa kichwa mara nyingi. Kisha akatafuta unga wa ngano, akaweka maji, akakanda. Vidole vilivyokuwa vimesahau vifungo vya blauzi vilisukuma chapati duara, zikapangwa, zikapakwa mafuta. Alikula mbili kwa dengu, nami nikala naye.

Tangu siku hiyo hakusukuma mlango tena. Watu wa mtaani walisema nimemtuliza, na kaka zangu walituma salamu za shukrani. Ni kweli alitulia. Lakini kuanzia pale sikuwa tena mwanawe hata kwa dakika moja. Kijaluo alikibakiza kwa jirani na kwa wauzaji. Kwangu ni Kiswahili cha jikoni, na macho yanayoangalia kama nimeridhika. Sikuweza kumwita Mama bila kumwogopesha, kwa sababu katika nyumba ile Mama lilikuwa jina la mwenye funguo.

Kaka yangu mkubwa alikuja kabla ya Krismasi. Mama alinivuta pembeni.

"Memsahibu, huyu bwana nani? Mimi pika chai?"

"Pika," nikasema.

Aliipika kwa tangawizi na iliki, akaichemsha na maziwa, akamletea kwa mikono miwili. Kisha akarudi nyuma akasimama ukutani, mikono imefumbatwa, akingoja kikombe, kwani mtumishi haketi mgeni akinywa. Kaka alimwambia kwa Kijaluo aketi. Hakusogea. Akamwita kwa jina la heshima ambalo watoto wote wa nyumba yetu humwita. Mama akainamisha macho.

Kaka alikaa na kile kikombe muda mrefu bila kunywa. Mwishowe aliinuka, akaenda akasimama ukutani karibu naye, mabega yao yakigusana, akanywa chai yake yote akiwa amesimama. Alipomaliza Mama akampokea kikombe.

Alipoondoka aliniuliza getini kama nahitaji chochote, nami nikamwambia nahitaji kutoka. Alisema atazungumza na mwenzake. Labda walizungumza.

Jioni hiyo majirani walikuwa wanakaanga samaki, na harufu ilijaa nyumba nzima. Mama alikuja na kitambaa begani, akauliza memsahibu atakula nini usiku. Nilikuwa na njaa ya ngege mpaka taya ziliuma.

"Dengu," nikamwambia.

Akafurahi, akaenda kuziloweka.