Gemu Niliyopewa Nyamityobora

Hii sikuisikia kwa watu. Ilinipata mimi mwenyewe, tena mchana kweupe, saa saba, katika mkahawa wa Nyamityobora pale Mbarara, sahani za watu zikigongana pembeni yangu. Kama unataka kucheka, cheka sasa umalize, halafu unisikilize.

Mimi ni Mkongo wa Fizi, ninakaa Misiera, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda. Kazi yangu ni kuwaandikia watu barua. Mmoja anaomba kazi, mwingine anatafutia mtoto shule, mwingine anatafuta ndugu aliyepotea vitani. Nilikuwa na laptop kuukuu, ikafa. Fundi aliigeuza mara moja tu, akasema hii imefungwa kwa gundi, haifunguki, katupe. Tangu hapo nikawa naandika kwa simu, vidole vinauma, na wateja wananihama mmoja mmoja.

Ndipo mdogo wangu Bahati, aliyepelekwa Kanada, akanipigia. Alikuwa amepata mashine mbili zilizotumika. Ya kwanza ni laptop ya vipande: betri, kioo, kibodi, kamera, kila kitu unakitoa mwenyewe kwa bisibisi na kuweka kingine. Ya pili ni gemu ya kushika mkononi, na ukiichomeka kwenye televisheni watu wanacheza wakitazama.

"Chagua moja, dada," akasema. "Ile utaacha ni ya binti ya Ndugu Elisha, mutu mwenye kuzileta."

Elisha alikuwa jirani yake huko Kanada. Mke wake na binti yake walikuwa wamebaki Mbarara, na alikuwa hajawaona miaka minne. Bahati akanitumia picha yake ili nimtambue tutakapokutana mkahawani Mbarara.

Unadhani kuchagua kulikuwa kugumu? Kwangu hapana. Aliyekuwa mgumu ni mume wangu. Ana saluni ya kunyoa hapo Misiera, akawa haoni kitu kingine ila gemu. "Vijana batakuja kucheza, batanyolewa papo hapo," akasema. "Laptop yako itakula tu umeme ya sola." Tuligombana siku tatu. Asubuhi ya kuondoka akaniambia mlangoni, "Ukirudi na laptop, usiniombe kitu tena." Nikapanda gari nikiwa na hasira mpaka masikio yananivuma.

Elisha nilimkuta amekwisha kukaa, meza ya ukutani, begi jeusi miguuni. Ndiye yule wa kwenye picha, mtu mpole, shati limepigwa pasi.

"Dada ya Bahati? Karibu. Uchague mbio kidogo, bado sijafika nyumbani. Ni hapa nyuma tu."

Mbio! Laiti ningemsikia.

Alizitandaza zote mbili mezani. Laptop akaifungua, akatoa betri, akairudisha, akanionyesha kila skrubu. Moyo wangu ulikuwa umekwisha kuichukua. Halafu nikamkumbuka mume wangu, nikasema, hebu nione gemu. Nikaishika gemu, nikaiwaza kazi yangu, nikairudia laptop. Elisha akasimama, akasema aniachie zote nitazame, yeye aende kwanza akasalimie. Nikamwambia kaa, nitamuuliza nani maswali?

Niliagiza chai mbili. Mama wa mkahawa akaleta kikombe kimoja.

"Nimesema mbili," nikamwambia.

Akatazama meza, akanitazama mimi. "Ingine ya nani, mama?"

Nikaona ni dharau, maana sisi wakimbizi tumeizoea. Nilitaka kumjibu vibaya, Elisha akasema, "Acha, dada. Mi sina kiu."

Basi nikawasha kamera ya laptop niijaribu. Elisha akavuta kiti akakaa kando yangu, bega kwa bega. Kwenye kioo nikajiona mimi, nikaona ukuta wa kijani, na pembeni yangu kiti kitupu. Nikageuka. Elisha yupo, amekaa juu ya kile kiti. Nikatazama kioo tena. Kitupu.

"Kamera imeharibika," nikasema. "Haikuoni."

Akatabasamu kama mtu aliyechoka sana. "Ni kipande tu," akasema. Akakitoa, akakipuliza, akakirudisha. Kiti bado kitupu.

Utaniuliza, uliogopa? Sikuogopa hata kidogo. Nilikasirika! Niamini, nilikasirika mpaka machozi yakanilenga. Nilisema moyoni, mashine yenyewe imetoka mbali hivyo, na inaonyesha nusu ya watu? Mume wangu atanicheka mwaka mzima.

Mara mbili nyingine Elisha alisimama. "Dada, niruhusu niende."

"Ngoja kidogo. Nionyeshe tena ile betri."

Akakaa. Akaonyesha. Ikafika saa kumi. Mwishowe nikasema kwa uchungu, basi nipe gemu. Akanipa bila boksi, boksi likabaki mu begi. Nilikuwa nimeinamia ile gemu nikinung'unika, wala sikuona alitoka kwa njia gani.

Jioni mume wangu anaimba, mimi napika kwa hasira, simu ikalia. Ni Bahati, analia.

"Dada, unisamehe, nimekutembeza bure. Elisha alikufa jana asubuhi, Kampala. Aliugua usiku, pale fasi alilala. Begi yake iko kwa mujomba yake, kulekule."

Nikamwambia aache mzaha, gemu ninayo mkononi.

Tulikwenda msibani Mbarara, mimi na mume wangu. Begi lililetwa pamoja na mwili. Ndani mlikuwa na laptop, na boksi la gemu, tupu. Binti yake akaifungua ile laptop mbele yangu ili ndugu wa Kanada waone mazishi. Kamera ilikuwa nzima! Ilionyesha watu wote, hata mtoto mchanga aliyelala mgongoni kwa mama yake. Nilijiuma mdomo.

Nikamwita mjane pembeni, nikamweleza yote, nikamnyooshea gemu. Hakuipokea, wala hakupiga kelele.

"Alisema nini juu yetu?" akaniuliza.

Saa tatu nzima nimekaa na mume wake. Skrubu za ile kibodi nazijua zote, lakini sikumuuliza hata, mke hajambo? Nikamwambia alikuwa na haraka ya kufika nyumbani, alisimama mara tatu.

"Na ni nani alimuzuia?"

Nikasema, ni mimi.

Akatikisa kichwa polepole, akaenda kupokea wageni. Mpaka leo hajasema nami tena.

Gemu iko saluni, vijana wanaicheza, mume wangu anafurahi. Mimi ninaandika kwa simu bado, na kila nikiisikia ile gemu ikilia natoka nje. Watu wananiambia si kosa langu, ungejuaje? Ni kweli, nisingejua. Lakini ningeweza kumwachia aende.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, mtu akikuletea kitu kutoka mbali, pokea, ushukuru, umwache aende kwao. Hujui amepewa muda gani.