Baba alitundika gobore, mimi nikaamka: kisa cha ini langu, Nandagala

Wakuu, hamjambo humu ndani. Mimi ni bibi kizee, mjukuu ndiye anayebofya, mimi nasema tu. Herufi zikikosewa mlaumuni yeye. Lakini kisa ni changu na sijakitia chumvi.

Ni Nandagala, Ruangwa, miaka ya hamsini mwanzoni. Nilikuwa binti ambaye hajachezwa unyago. Baba alikuwa mwindaji, sifa zake zilifika mpaka Malolo.

Nilikuwa mtoto wa kusinzia, ila si usingizi huu wenu. Nikishakula, sauti za watu zinakwenda mbali, kama wanaongelea ng'ambo ya mto. Mtama shambani nauona unatembea taratibu kuja kwangu. Mikono inatetemeka.

Siku moja nilikutwa nafukia kanga za mama kwenye majivu. Nikasema nazipanda.

Semeni mtakavyo, mimi nilikuwa naona raha. Walioumia ni wazazi.

Baba akanipeleka hospitali Nachingwea, enzi zile matrekta ya Wazungu waliokuja kulima karanga yananguruma kutwa. Daktari akanibonyeza chini ya mbavu, akanipasua, akakuta ini limejaa vinundu. Akanishona. Akamwambia baba huu ni uvimbe mbaya, mrudishe akafie kwa mama yake.

Sasa pale nyumbani, mgonjwa wa ini alipewa ini. Kila mnyama aliyeanguka, ini lake likawa langu, hata wenzake baba hawakugusa. "Kula mwanangu, ini hujenga ini," anasema huku ananimegea mwenyewe. Nikala. Nikazidi kupotea, ikafika mahali simjui mama.

Ndipo akaja mjomba. Kwetu Wamwera, mjomba akisema juu ya mtoto wa dada yake, baba husikiliza. Alisema kwa upole kabisa: "Shemeji, hizo damu unazomwaga porini ndizo zinazomdai mtoto wetu."

Baba hakubisha. Alitundika gobore darini, hakulishusha tena. Tukawa watu wa ugali wa mhogo na kisamvu.

Nikaanza kurudi, pole pole. Asubuhi moja nikasikia mama anatwanga, na kinu kiko hapa hapa uani. Nikamwita. Akaachia mchi, akalia.

Nimeolewa, nimezaa, nyama sijaizoea mpaka leo. Juzi juzi mjukuu kanilazimisha kupiga CT scan. Daktari akasema vinundu bado vipo, ila si saratani. Eti nilizaliwa na mshipa uliokosea njia: damu inayotoka kwenye utumbo inalikwepa ini, inapita bila kusafishwa mpaka kichwani. Ini likikosa damu yake, linaota vinundu. Na uchafu wa nyama ndio uliokuwa ukinilevya. Natakiwa kupimwa mara kwa mara.

Basi wakuu, mtoto anayesinzia ovyo kila akila, msikimbilie kusema mvivu au ana majini. Mpelekeni akapimwe.

Lakini linaloniuma ni hili. Baba alikosea sababu, akapatia dawa. Porini ndiko furaha yake ilikokuwa. Wenzake wakipita alfajiri na mbwa wao, anageukia ukutani. Kumbe angeweza kuwinda maisha yake yote, mimi nisile nyama tu. Alikufa akiamini kwamba mkono wake nusura uniue.

Haya, changieni, mjukuu atanisomea yote. Ila mwenye kujua namna ya kumwambia marehemu kwamba hakuwa na kosa, aanze yeye.