Desemba ya Elifuraha

Wapo watu duniani wanaorudi kwao siku yoyote. Mchaga aliyeko Dar es Salaam hurudi Desemba, tena na shati jipya na mbuzi wa kuchinja. Kwa hiyo serikali ilipopunguza wafanyakazi, na Elifuraha, karani wa siku nyingi wizarani, akawa miongoni mwao, kilichomtisha kwanza ni kalenda. Ulikuwa mwezi wa sita.

Alipanda basi hadi Moshi, lakini kijijini kwao mlimani hakupanda. Alipanga chumba Shirimatunda, pembezoni mwa mji, akaamua kungoja humo hadi Desemba, ndipo apande mlimani pamoja na wenzake kama vile hakuna lililotokea. Mkewe, Elisifa, alikuwa huko juu na mama mkwe, ng'ombe na migomba. Yeye alikuwa chini, na siku mawingu yalipofunguka aliutazama mlima kama mtu anayetazama nyumba yake kupitia dirishani.

Aibu aliiweza. Mtori, ile supu ya ndizi ya kwao, ndio uliomshinda. Siku moja ya soko, akiwa amechoshwa na ugali wa peke yake, alikatiza mji hadi Kiboriloni, akainamia ndizi mshare za mwanamke mmoja aliyempa mgongo.

"Mama, mkungu huu unauzaje?"

"Baba Monica," yule mwanamke alisema bila kugeuka, "ndizi zako mwenyewe unazinunua za nini?"

Elifuraha alibaki ameinama. Elisifa akageuka, akamtazama viatu, akamtazama kola.

"Umekonda."

"Umejuaje kama nipo?"

"Soko zima linajua. Tangu niambiwe, naleta mshare kila siku ya soko. Nilijua tumbo lako halina aibu."

"Ungekuja kuniita."

"Nikuite wapi? Aliyejificha ukimwita anahama." Akamfuta vumbi begani kwa ncha ya kanga, mbele za watu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Twende nyumbani."

"Mama nitamwambia nini? Si Desemba."

"Ng'ombe wanakula hata Juni. Beba hayo."

Lilikuwa tita la majani, yale yanayokatwa tambarare na kupandishwa kwa ng'ombe waliofungiwa zizini. Hubebwa na wanawake. Elifuraha alijitwika, na viatu vyake vya ofisini, akashika njia nyuma ya mkewe. Majani yalimwasha shingo. Kila kona aliona uso anaoujua.

Karibu na kanisa, jirani yao Melkior alikuwa nje ya kilabu na kata yake ya mbege, pombe ya ndizi.

"Elifuraha! Krismasi imefika?"

Elisifa alifungua kinywa amjibie, kisha akakifunga. Elifuraha alisimama, tita likiyumba.

"Nimepunguzwa kazi, Melkior."

Melkior alifikiri. "Afadhali wewe. Mimi hata kunihesabu hawajawahi." Akamnyooshea kata. "Karibu nyumbani, ndugu yangu."

Alikunywa akiwa na tita kichwani. Mbege ikamchuruzika kidevuni, na Elisifa akacheka hadi akaketi ukingoni mwa mfereji.

Mama yake, bibi Aikaeli, alikuwa mlangoni akimenya ndizi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba." Aliinua macho, akamtazama mwanawe, kisha akatazama mzigo. "Majani yenyewe ndiyo hayo tu? Na ng'ombe ni watatu?"

Elifuraha alilitua tita zizini. "Kesho nitaleta mengine, mama."

"Haya," mama alisema, akichukua ndizi nyingine ya kumenya. "Na uvue hivyo viatu."