Mwalimu alitufundisha hesabu ya kutoa kwa mawe, na masomo yangu ikaishia pale

Bakubwa wa humu, mujambo.

Mi ni mama muzee wa muji wa Baraka, kando ya ziwa. Hii yenye ninaeleza niliiona na macho yangu, siongeze chumvi.

Ni wakati wa Babeleji, miaka ya mwisho-mwisho mbele ya uhuru. Nilikuwa kalasi ya kwanza, masomo ya misioni.

Mwalimu wetu muzee Alimasi alikuwa anafundisha hesabu na fimbo. Yeye anaimba, sisi tunaitika. Ukikosea, unaleta mukono. Tulijua kuimba vizuri sana, hesabu hatukujua.

Kisha bakatuletea kijana, mwalimu Wilondja, mutoto wa kule Fizi juu, alikuwa anatoka kusomea ualimu. Fimbo akaiweka pembeni. Akasema hesabu inashikwa na mikono kwanza, kinywa itafuata.

Tukahesabu maharagi. Tukahesabu ndakala, zile samaki ndogo za ziwa, zenye kukauka. Etabo, mwenye tulikuwa tunakaa naye banki moja kalasini, akakula ndakala zake mbele ya kumaliza kuhesabu.

Wilondja akamuambia, "Sawa Etabo, sasa andika sufuri."

Tulicheka siku muzima.

Bakubwa, mi niliona akili yangu inafunguka. Baba yangu, muvuvi, akasema, "Huyu Eliza iko na kichwa. Atasoma mpaka mwisho."

Siku moja Wilondja akasema: kesho kila mutoto alete mawe. Jiwe moja kwa kila muntu mwenye analala kwenu.

Hapa nisimame kidogo. Zamani kwetu batu habahesabiwe. Batoto yako unabataja majina, lakini kusema hesabu yao ni kuita kifo. Wilondja alijua, alikuwa Mubembe, kabila moja na sisi. Alizani tu kuhesabu mawe si kuhesabu batu.

Nikaokota mawe yangu, nikapanga mustari kalasini. Siku ile tulikuwa tunaanza hesabu ya kutoa. Wilondja akakuja kwangu, akaondosha jiwe ya mwisho, kadogo, keupe.

Nikasema, "Mwalimu, ile ni Mapenzi."

Mapenzi ni mudogo wangu, alikuwa anaanza kutembea.

Akacheka. "Basi Mapenzi ameenda shamba. Banabaki bangapi?"

Nikajibu sawasawa. Akanisifu mbele ya bote. Nikakimbia nyumbani kumuelezea mama.

Mama hakunipiga. Aliacha kutwanga tu, akaniangalia.

Kisha surua ikaingia. Mapenzi akakufa. Sifa, dada ya Etabo, akakufa. Amisi wa mama Zaina naye.

Bamama bakaenda kule masomo kumuuliza mwalimu. Mama yangu hakupiga kelele. "Wilondja, mutoto wangu alikuambia jina yake. Na ukamutoa."

"Mama, ilikuwa jiwe. Surua iko kila pahali, mpaka Kilembwe."

Mama Zaina akamuuliza, "Kule Kilembwe nako ulipeleka mawe?"

Misioni ikamuhamisha Wilondja. Muzee Alimasi akarudi na fimbo yake.

Batoto banaume bakarudi masomo. Sisi babinti, bamama bakakataa. Nililia, nikamushika baba miguu. Akasema, "Mama yako amezika mumoja. Usimuombe tena kitu." Nikaenda kuanika ndakala, na ni hiyo kazi nilizeekea.

Fundisho? Nyinyi wenye munafundisha batoto badogo, mukileta njia mupya, muite bamama kwanza, mubaulize. Na hata hiyo sina hakika nayo. Surua ilikuwa njiani tayari. Na mawe ao bila mawe, Mapenzi angekufa tu. Mama alikufa anamuchukia Wilondja, na mi, bakubwa, sikupata tena mwalimu mwingine.

Kama munaona Wilondja angeweza kufanya namna ingine, muandike hapa chini. Mujukuu wangu Furaha ndiye anaandika yenye ninasema, na majibu yenu atanisomea. Mi mwenyewe siwezi.