Siku za Majani Chai

Hebu wazia, msomaji, ofisi ya watoto mjini Bomet, na wazazi wawili walioachana wameketi wakipeana mgongo. Nilikuwa nangoja zamu yangu. Afisa alikuwa akijaza fomu ya malezi ya binti yao Chebet, wa darasa la pili.

"Mtoto ni wa boma langu," baba alisema. "Huyu mama yake atamwona Jumapili."

"Jumatatu akitoka shule, nani atampokea?" afisa akauliza.

"Mimi."

Mama akacheka. "Jumatatu si unapeleka majani kituoni? Lori la chai likichelewa unarudi usiku. Atakula nini, kikapu cha majani?"

Baba akazungusha kofia mikononi. Mwishowe akasema polepole, "Madam, andika siku za majani alale kwa mama yake." Kisha akageuka. "Mama Chebet, asubuhi nitamletea maziwa."

"Lete. Lakini hayo usitie maji, si ya kuuza koparetivu."

Hata afisa alicheka.

Sidhani watarudiana, ila waliondoka wakizungumza. Nanyi wazazi mliotengana, nawaomba mkumbuke jambo moja: kabla ya kubishana mtoto ni wa nani, ulizaneni nani atakuwa nyumbani akirudi.